Nani anamngoja nani? Historia fupi ya mpango wa kazi

Leo naweka programu kando kidogo tuongee historia.

Majuzi wanafunzi wanne wa chuo waliniletea kesi. Mradi wao wa kikundi, programu ya kusimamia maktaba, ulikuwa umebakisha wiki tatu na hakuna kitu kilichofanya kazi. Watatu walitaka jina la mwenzao liondolewe kwenye ripoti, eti amewachelewesha. Nikaomba kuona mpango wao. Wakanipa karatasi yenye majina manne, na mbele ya kila jina kazi moja: hifadhidata, skrini, majaribio, ripoti. Basi.

Karatasi hiyo inajibu swali moja tu: nani atafanya nini? Swali walilolisahau ni hili: kazi gani inangoja ipi? Nalo ni swali la zamani.

Mwaka 1896 mhandisi Mpoland, Karol Adamiecki, aliyefanya kazi katika viwanda vya chuma, alibuni chati aliyoiita harmonogram. Kila kazi ilikuwa na utepe wake wa karatasi ulioonyesha muda wake, kazi zinazoitangulia na zinazoifuata. Ukisogeza utepe mmoja, unaona ni zipi nyingine lazima zisogee. Lakini aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, kwa hivyo sifa zikaenda kwingine.

Zilimwendea Mmarekani Henry Gantt (1861-1919). Chati zake za mistari zilitumika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kufuatilia utengenezaji wa silaha na meli, na mpaka leo zinaitwa chati za Gantt. Ni rahisi kusoma, ila zile za mwanzo hazikuonyesha kazi ipi inategemea ipi.

Swali la Adamiecki lilirudi na kompyuta. Mwaka 1957 kampuni za DuPont na Remington Rand zilitumia kompyuta ya UNIVAC kutafuta ule mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani likaunda mbinu inayofanana, PERT, kwa mradi wa makombora ya Polaris.

Sisi wa programu tulipata somo letu mwaka 1975. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360 pale IBM, aliandika kitabu The Mythical Man-Month. Alisema ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yule yule aliyelemewa.

Haya, turudi kwa vijana wetu. Tulikata karatasi ya manila vipande vipande, kila kazi kipande chake, kama Adamiecki. Baada ya nusu saa meza ilisema yenyewe: karibu kila kipande kilingoja hifadhidata. Yule "mvivu" alikuwa ametwikwa mzigo wa wote, kisha wenzake wakaketi kumngoja. Kimya kikatanda.

Hatukumwongezea mtu. Tulimpunguzia kazi: atengeneze kwanza majedwali mawili tu, la vitabu na la wanachama. Wa skrini akaanza na data za kubuni. Wa majaribio akaandika orodha ya vitu vya kujaribu. Wa ripoti akaanza sura zisizongoja programu. Kila kipande kikapata jina moja na tarehe moja.

Waliwasilisha siku ya mwisho, bila sehemu ya kutoza faini. Majina yote manne yalikuwa kwenye jalada.

Kwa hivyo wewe mwanafunzi, na wewe mwalimu unayesimamia miradi, kabla ya kugawana kazi kateni karatasi kwanza. Huenda mnayemlaumu ndiye aliyebeba wote.