Kiharusi Fiche, Si Kiharusi Kimya

Msomaji wa Kiswahili akilikuta neno kiharusi, humjia picha ya mtu aliyeanguka ghafla: mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawasawa. Ndivyo neno hilo lilivyozoeleka, hata wengi husema kiharusi wakiwa na maana ya kupooza. Sasa mtafsiri anapoandika "kiharusi kimya" kwa kitu kilichoonekana kwenye picha ya MRI ya mtu ambaye hajaanguka wala kupooza, huwa ameyafunga pamoja maneno mawili yanayovutana. Msomaji ana haki ya kuuliza ni kiharusi gani hicho ambacho mwenyewe hakijui. Nitajibu swali hilo kwanza, kisha nitaeleza kwa nini neno "kimya" lenyewe halifai.

Mshipa mdogo ulio ndani kabisa ya ubongo ukiziba, sehemu iliyokuwa ikipata damu kutoka kwake hufa. Sehemu hiyo ikiwa ndiyo njia ya amri za kuinua mkono, mtu atapooza hata kama kilichokufa ni kidogo mno. Ikiwa iko kando ya njia hizo, ataamka kesho na kwenda sokoni kama kawaida. Tishu iliyokufa huondolewa taratibu na mwili, na mara nyingi pahala pake hubaki tundu lililojaa majimaji. Kwenye baadhi ya picha za MRI tundu hilo huonekana kama doa jeusi, mara kwa mara likiwa na ukingo mweupe, na kipimo chake wataalamu wamekiweka kuwa milimita 3 hadi 15: kati ya punje ya mtama na harage. Madaktari waliopasua ubongo wa maiti waliyafahamu matundu haya tangu karne ya 19. Kilichobadilika ni kwamba sasa yanaonekana kwa watu walio hai, tena watu wasiojihesabu kuwa wagonjwa.

Hapo ndipo utafiti wa jamii unapopata uzito wake. Hospitali humpiga picha aliyekuja akilalamika, kwa hiyo haiwezi kutuambia lolote kuhusu asiyelalamika. Utafiti wa jamii huanzia mtaani. Kuanzia mwaka 1990 huko Ommoord, kitongoji cha Rotterdam nchini Uholanzi, wakazi wote wenye miaka 55 na zaidi walialikwa kushiriki, na watu 7,983 wakakubali. Miaka ya 1995 na 1996, watu 1,077 wenye umri wa miaka 60 hadi 90, baadhi yao wakiwa washiriki hao na wengine wa utafiti mwingine wa jamii nchini humo, walipigwa picha za ubongo. Watu 217, yaani mmoja katika kila watano, walikutwa na alama za tishu iliyokufa ilhali hawajawahi kuugua kiharusi. Waliokuwa na alama za kiharusi kilichojulikana walikuwa 42 tu. Kwa kila aliyejua, kulikuwa na watano wasiojua.

Watu hao wakafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalihusu washiriki 1,015 ambao mwanzoni hawakuwa na demensia, ile hali ya kumbukumbu na akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujitegemea. Waliokuwa na alama zile walikabiliwa na hatari ya demensia zaidi ya maradufu ya wenzao. Alama zilizokuwa kwenye thalamasi, kiini kilicho katikati ya ubongo, ziliendana na kushuka kwa kumbukumbu. Zilizokuwa kwingineko ziliendana na akili kufanya kazi polepole. Kitu cha namna hiyo si kimya. Jina la jirani linapotea, hesabu ya chenji inachelewa, hatua zinafupika, na familia inasema ni uzee. Kusema "kisicho na dalili" nako hakutuponyi, kwa sababu dalili zipo, hazikusomwa.

Anayetetea "kimya" atakumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, hivyo neno hilo limebeba onyo lake. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi. Lakini methali hiyo inasubiri mshindo wa baadaye, na hapa mshindo mdogomdogo umekwisha kuanza. Neno "fiche" linaeleza hali kwa usahihi zaidi: tunasema maana fiche kwa maana iliyopo, inayofanya kazi, na inayohitaji mtu wa kuifichua. Kazi ya kufichua ndiyo hasa inayofanywa na MRI. Watafiti wa nje nao wengi wameanza kuliacha neno lao la ukimya na kuchukua lenye maana ya kufichika.

Wengine watasema neno kiharusi liondolewe kabisa, maana litamtia hofu mtu mzima aliyekuja kupimwa kwa hiari. Aambiwe ana kovu dogo kwenye ubongo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Katika wale 1,015, kwa wastani wa miaka 3.6 ya kufuatiliwa, waliopata demensia walikuwa 30, kwa hiyo alama moja kwenye picha haimhukumu mtu. Hata hivyo kovu kwa Mswahili ni jeraha lililopona, jambo lililokwisha, na hapo ndipo neno hilo linapodanganya. Mishipa iliyoziba jana ina ndugu zake, na waliokutwa na alama hizi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi chenyewe. Chanzo kikuu kinachoweza kudhibitiwa ni kilekile, shinikizo la damu, na hicho hupimwa zahanati kwa kifaa cha kufunga mkononi, bila MRI. Tukiliacha neno kiharusi tutakata uzi unaomfikisha mtu kwenye kipimo hicho.

Neno hili litakutana na mwananchi mara ya kwanza kwenye fomu ya ridhaa, kabla hajalala kwenye mashine, pale anapoulizwa kama angependa kuambiwa kitakachoonekana. Ombi langu kwa wanaozitafsiri fomu hizo ni moja: andikeni "kiharusi fiche", na chini yake sentensi moja inayosema ni sehemu ndogo ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu bila mtu kujua.