Namba ya mkulima na rejesta iliyokufa

Lori la kiwanda likifika kwenye kituo cha kununulia majani chai, Litein au Mogogosiek, karani hana haja ya jina lako. Akina Koech na akina Chepkemoi huenda wakawa watatu katika foleni moja. Anataka namba. Gunia linatundikwa kwenye mizani, namba inaingizwa, kilo zinasomeka, risiti inachapwa. Mwenye majani huisoma palepale, kabla hajaondoka.

Namba hiyo ni kongwe kuliko kompyuta za kiwanda. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba yao makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, na Mkipsigis, mwenyeji wa eneo hilo, aliingia humo kama kibarua, si kama mwenye mche. Mlango ulifunguka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni ulioruhusu Waafrika kulima mazao ya biashara. Mwaka 1960 serikali iliunda mamlaka ya mazao maalumu, na 1964 KTDA, Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, ikashika kazi hiyo kwa upande wa chai. Kupanda kulihitaji leseni. Miche ilitolewa kwa mkopo, na deni likakatwa kidogokidogo kwenye malipo ya majani. Bila rejesta, nani angejua amkate nani?

Kwa miaka mingi rejesta ilikuwa daftari, kalamu na karatasi ya kaboni. Tarakimu moja ikikosewa, kilo zako zinaingia kwa jirani, na hasara haiishii mwezi huo. Mkulima wa KTDA hulipwa mara mbili: fedha za kila mwezi, kisha bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Bonasi hupigiwa hesabu kwa jumla ya kilo zote za mwaka zilizo chini ya namba yake. Anayewauzia madalali kando ya barabara hupata pesa taslimu leo, lakini kilo hizo rejesta haizijui, na bonasi yake haizihesabu.

Mwaka 2000 KTDA iliacha kuwa shirika la serikali ikawa kampuni ya wakulima kupitia viwanda vyao. Septemba ya mwaka huohuo, mbali na mashamba haya, Ariba, IBM na Microsoft walitangaza rejesta ya namna nyingine, UDDI. Nia yao ilikuwa kubwa: kila kampuni duniani iandikishe huduma zake za mtandaoni, ili programu moja iweze kuitafuta nyingine na kuiita bila binadamu kupiga simu. Rejesta iligawanywa kama kitabu cha simu. Kurasa nyeupe zilikuwa za jina na anwani, za njano aina ya biashara, za kijani namna ya kuunganisha mitambo.

Kusimamisha rejesta ya aina hiyo hakukuwa kazi ya ajabu. Fundi alichukua programu huria kama jUDDI ya Apache, akaiweka kwenye seva ya programu kama Tomcat, akaielekeza kwenye hifadhidata, akaandikisha biashara, kisha huduma, kisha anwani ambayo huduma hiyo inapatikana. Kazi ya siku moja, kama nywila za hifadhidata hazikukataa.

Kilichokosekana ni karani. Rejesta ya umma ilimpokea yeyote, na hakuna aliyelazimika kufuta anwani iliyokufa. Wafanyabiashara nao hawakuwa tayari kuunganisha fedha zao na mgeni waliyemkuta kitabuni. Januari 2006 waendeshaji wakaizima, ingawa programu zake ziliendelea kutumika ndani ya kuta za baadhi ya makampuni.

Katika nchi ya chai mambo yalikwenda kinyume. Mizani ya kielektroniki ilichukua nafasi ya kalamu, ikasoma uzito yenyewe na kuufunga na namba ya mkulima. Miongoni mwa waliotengeneza mifumo ya aina hiyo nchini ni Virtual City ya Nairobi, iliyoshinda dola milioni 1 za Nokia mwaka 2010, ingawa zawadi ile ilitokana na programu yao ya wasambazaji wa bidhaa. Malipo nayo yalihamia kwenye simu: M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa, ilikuwa imeanza Machi 2007. Ilipofika 2017, Safaricom ilifungua Daraja, lango ambalo mifumo mingine hupitia kuomba malipo.

Mimi naona Daraja limeigeuza UDDI juu chini. Halimwambii mgeni atafute huduma kitabuni. Linamwandikisha yeye anayetaka kuita, linampa funguo zake, na asiye nazo hasikilizwi. Karani wa Litein angeuelewa utaratibu huo mara moja. Huna namba, gunia lako halipimwi.

Rejesta mpya hazijakoma. Mwishoni mwa 2022 na kuingia 2023 machifu na wazee wa vijiji walipita Bomet na Kericho kama kwingineko nchini, wakiandika wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku: kitambulisho, simu, ekari, zao. Mwenye namba ya chai tangu enzi za baba yake akaandikwa upya, safari hii kwa namba ya simu, na kuanzia Agosti 2023 gunia la kilo 50 likawa shilingi 2,500 kwa aliyepata ujumbe wa ruzuku kwenye simu yake.