Behewa la Kima na Ngata ya Mpagazi

Wazee wetu wa Madibira walichukua mizigo kichwani, na njia zao zalikuwa za mguu. Kwa hiyo nalipofika Nairobi na kuingia katika makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, nalitazama magurudumu kwa macho ya mtu wa nchi isiyokuwa nayo.

Sababu ya kutokuwa nayo si uvivu wala ujinga, kama wengine walivyoandika. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa chama cha London, alisafiri kutoka Saadani hata Mpwapwa pamoja na ng'ombe wachache, wakafika wazima. Akadhani njia imepatikana. Mwaka uliofuata yakapelekwa magari ya kukokotwa, na ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Basi mzigo ukarudi kichwani pa mpagazi.

Neno gari lenyewe limetoka Uhindi, na ndiko walikotoka watu wapatao 32,000 walioijenga reli kutoka Mombasa tangu 1896, hata ikafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya 2,400 katika hao walikufa.

Katika makumbusho hayo nalisimama zaidi penye behewa moja la mbao. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, Ryall, afisa wa polisi ya reli, alilala ndani yake pamoja na wenziwe wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba mla watu. Ryall alikuwa zamu, akapitiwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kusukumwa, nao ukajifunga nyuma yake kwa kuwa behewa liliinama. Akatoka kwa dirisha, na Ryall kinywani. (Wengi huchanganya habari hii na ile ya simba wa Tsavo wa mwaka 1898, ni simba wengine.)

Behewa la Ryall limehifadhiwa, maana ni mbao na chuma. Ngata ya mpagazi yalikuwa majani tu. Jioni aliitupa, asubuhi akasokota nyingine.

Uani lipo garimoshi kubwa lililotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950, uzito wake tani 252. Ubavuni limeandikwa jina la mlima Gelai, nao uko Tanzania. Reli ya kwetu, ipitayo Makambako na Mbeya, ilijengwa baadaye, kati ya 1970 na 1975.