Fonografu Katika Uwanja wa Ngoma: Masasi na Newala, 1906

Katika nchi ya Masasi na katika uwanda wa juu wa Wamakonde, ambako Newala imekaa ukingoni ikitazama bonde la Ruvuma, kiangazi kinachofuata mavuno kilikuwa msimu wa jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaingiza wavulana na wasichana katika utu uzima, na kwa sababu hiyo kilikuwa pia msimu wa marafiki, watani na majirani wa vijiji vya mbali kukutana uwanjani na kukesha kwa ngoma. Katika msimu huo wa mwaka 1906 alifika Karl Weule, mwanaethnografia (mchunguzi wa mila na maisha ya watu) kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, ambaye alikuwa ameacha safari aliyoipanga ya Kondoa-Irangi na kuelekea kusini. Alifuatana na wapagazi na askari, na miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo mashine mbili: sinematografu, yaani kamera ya picha zinazotembea, na fonografu, chombo cha kunasa sauti kwenye silinda ya nta.

Fonografu, ambayo Thomas Edison aliibuni mwaka 1877, haikuhitaji umeme. Springi yake ilijazwa kwa mkono kama ya saa, silinda ikazunguka, na mwimbaji aliyesogeza kinywa kwenye tarumbeta ya mashine alitikisa kwa sauti yake kiwambo chembamba kilichoshika sindano, nayo sindano ikachora mfereji juu ya nta. Silinda ya kawaida ilijaa kwa dakika mbili hivi, kipimo ambacho kwa ngoma ya kukesha ni karibu na mzaha, kwani wimbo ambao mmoja huanzisha na wengi huitikia huchelewa kupata moto, na utamu wake hutokana na kurudiwa. Tena tarumbeta ilisikia vizuri sauti iliyo karibu tu. Mvumo mzito wa ngoma kubwa, ambao ndio uliobeba mchezo, uliingia kwa shida. Aliyetaka kunasa ngoma alilazimika, kwa hiyo, kuisimamisha kwanza.

Joto nalo lilikuwa na kazi mbili zilizopingana. Mpigaji ngoma wa huko, ngozi ikilegea kwa unyevu wa usiku, hukoka moto wa nyasi kavu kando ya uwanja na kuuelekezea uso wa ngoma, naye huigonga kwa vidole mpaka ngozi ikaze na mlio upande. Nta, kinyume chake, hulainika kwa joto, na mfereji uliochorwa juu yake huharibika. Ndiyo maana tambarare za chini kuelekea Masasi ziliisumbua mashine hiyo kuliko Newala, iliyoko juu penye upepo na ubaridi.

Hata hivyo fonografu ilikuwa na jambo moja ambalo redio, iliyokuja miongo kadhaa baadaye, haikuwa nalo: chombo kilichonasa ndicho kilichotoa sauti tena, hapohapo, hivyo mwimbaji aliweza kujisikia mwenyewe, na wachezaji wakageuka wasikilizaji. Waandishi wa enzi hiyo walipenda kulisimulia jambo la namna hii kama mshangao wa watu wasiojua mashine, lakini si haki. Mchongaji wa lipiko, yaani sinyago la kuvaliwa kichwani, na mwambaji wa ngoma walikuwa mafundi waliojua vifaa vyao kwa undani, na mtu aliyetekwa zaidi na mashine alikuwa mgeni mwenyewe, ambaye kitabu chake hurudi mara kwa mara kwenye taabu na fahari ya vyombo vyake.

Sinematografu haikuufaa usiku hata kidogo, kwa sababu filamu za wakati huo zilihitaji jua kali. Michezo iliyopigwa picha ilipigwa mchana. Masimulizi ya safari yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1908 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Silinda za Weule zimo katika hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ambayo mikusanyo yake ya awali iliingizwa na UNESCO mwaka 1999 katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia.