Mkonge Chotara na Mnazi Chotara

Msafiri atokaye Segera kwenda Chalinze, afikapo Kabuku huona mkonge umepangwa mistari hadi macho yachoke. Nami nikiuona huikumbuka minazi chotara, ambayo wazee wa pwani huisimulia kwa masikitiko. Yote miwili ni mimea ya kuchanganywa mbegu, lakini mmoja ulitulia nchini na mwingine ukatushinda.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 vilivyofika Tanga vikapona vilikuwa 62 tu. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, kule Usambara, walianza kuuchanganya mkonge na jamaa zake. Kazi hiyo ikaendelea Mlingano. Hapo ndipo ulipotoka mche ujulikanao mpaka leo kwa namba yake, 11648. Mkonge wa zamani hutoa majani kama 250 kabla ya kutoa mlingoti. Huu hufikia 600. Tena vikonyo vyake hurithi kila kitu cha mzazi, kwa hiyo mkulima hapotezi uchotara.

Mnazi una habari nyingine. Mwaka 1979 ulianza Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, kwa msaada wa Ujerumani na Benki ya Dunia. Chotara kilichotegemewa kiliitwa PB 121: mnazi mfupi wa manjano wa Malaysia uliopandishwa na mnazi mrefu wa Afrika Magharibi. Kilitengenezwa Kodivaa, na sifa yake ilikuwa kuzaa mapema na kuzaa sana. Sifa hiyo haikuwa ya uongo, ila ilipatikana penye mvua ya kutosha. Huku kwetu ukame wa miezi kadhaa ulikitesa. Kisha ukaja ule ugonjwa unaopukutisha nazi changa, ukageuza makuti kuwa manjano na kuangusha kichwa chote, shina likabaki kama nguzo ya simu. Chotara kiliugua vibaya, wakati baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji ilistahimili zaidi. Na nazi yake ukiipanda haikupi chotara kingine. Lazima urudi kwenye bustani ya mbegu.

Hasara ya mnazi ni nzito kuliko ya mahindi. Mahindi yakikataa, unajaribu tena msimu ujao. Mnazi hukudai miaka ya kumwagia maji na kupalilia kabla hujajua kama ulichagua vyema.

Sisemi chotara ni kibaya. Hata 11648 una adui yake, ugonjwa wa madoa ya majani ulioitwa kwa jina la jirani yetu Korogwe. Lakini huo ulichaguliwa katika mkoa huu huu, kwenye jua na udongo ambao ungeishi nao. Basi mtu akikuletea mche na kuusifia mavuno, muulize kwanza ulilelewa wapi, na mvua ya huko ilikuwa kiasi gani.