Kifafa juu ya bonde la Kilombero

Mwaka 1957, mwanasayansi wa Uswisi Rudolf Geigy alifungua maabara ya utafiti Ifakara, katika bonde la Kilombero. Wakati wataalamu wakichunguza mbu na kupe bondeni, milima ya Mahenge ilikuwa na mzigo mwingine mzito: kifafa.

Miaka michache baadaye, Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alikuta Mahenge wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa walianguka jikoni degedege lilipowashika. Waliogopwa. Mate yao yalidhaniwa kuambukiza, hivyo wengi walilishwa peke yao.

Alianzisha kliniki akatoa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza seli za ubongo zinaporusha umeme ovyo. Waliomeza kila siku walipata nafuu, wengine wakarudi shambani.

Huko huko aliona watoto ambao vichwa vyao vilidondoka mbele tena na tena, kama wanaosinzia. Leo watafiti wanahusisha kifafa hicho cha kudondosha kichwa na minyoo ya usubi, inayoenezwa na nzi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Kwa hiyo ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, imekuwa sehemu ya kulinda ubongo wa mtoto.