Muungwana Ni Nani? Kuwapima Watu wa Njia ya Misafara

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye Dodoma kwenda Tabora, akishaipita Manyoni na Itigi, hufika katika stesheni ndogo iitwayo Tura. Aghalabu abiria hawainui hata macho. Lakini katika karne ya 19 jina hili lilitamkwa kwa shukrani. Misafara iliyotoka pwani ilivuka kwanza Ugogo, kisha pori kavu la Mgunda Mkali, ndipo ikafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857 pamoja na Speke kabla ya kuingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni “tua”. Tua mzigo wako.

Nimelikumbuka jina hilo kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja. Tulikuwa tukijadili biashara ya masafa marefu, na darasa lilikuwa limekwisha kugawanyika: hawa wa Mirambo, wale wa Isike, na mmoja au wawili wakimtetea Tippu Tip, nusu kwa utani. Yeye akauliza: “Mwalimu, katika watu wote hawa, nani hasa alikuwa mtu wa heshima?” Nilimjibu kwamba kazi ya mwanahistoria ni kueleza, si kugawa nishani. Lilikuwa jibu la kukwepa. Leo najaribu kumjibu sawasawa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Ilikuwa daraja ya nasaba. Njia ya misafara ililivuruga neno hilo. Wapagazi na askari waliotoka Unguja na Bagamoyo walijiita waungwana mbele ya watu wa bara, ingawa wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, au watumwa walioachwa huru. Huko bara, muungwana akawa ye yote aliyevaa nguo za pwani, akasema Kiswahili na kufuata desturi za Waswahili. Hata leo aina moja ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo huitwa Kingwana. Jina lilikwisha kuwa vazi, na kila aliyeweza alilivaa. Ndiyo maana tunahitaji kipimo kingine, nacho wahenga walituachia: uungwana ni vitendo. Mimi nitauliza jambo moja tu. Mtu huyu alifanya nini na amana ya wengine pale ambapo hapakuwa na wa kumlazimisha?

Wa kwanza ni Mirambo, mtemi wa Urambo. Leo jina lake limeandikwa katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Hapana shaka alikuwa na madai ya haki. Kabla yake, Mnywa Sere wa Unyanyembe alithubutu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Wakamwondoa na kumweka Mkasiwa, na baada ya vita vya miaka kadhaa alikatwa kichwa mwaka 1865. Mirambo alikataa kuwa Mnywa Sere wa pili. Mwaka 1871 aliwashinda wafanyabiashara hao, Stanley akiwa upande wao, akateketeza sehemu ya Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Miaka mitano baadaye alichanjiana damu na Stanley huyo huyo. Ni mtu aliyejua kupigana na aliyejua kupatana.

Hata hivyo dola yake ilijengwa na ruga-ruga, vijana wa vita walioishi kwa nyara, na walioporwa hawakuwa Waarabu peke yao. Vijiji vya Wanyamwezi wenzake navyo viliungua. Yule mwanamke aliyepoteza ghala lake la mtama hakufarijika kwa kuwa aliyelichoma alikuwa mzalendo. Nampa Mirambo ukubwa wa kisiasa bila kusita. Uungwana nampa kwa mizani nusu.

Isike wa Unyanyembe anatugusa kwa namna nyingine. Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na jeshi la Kijerumani chini ya Tom von Prince, alijilipua ndani ya ghala la baruti ili asikamatwe. Wajerumani walimkuta akiwa bado na pumzi, wakamnyonga. Kifo hiki kina heshima ambayo hakuna awezaye kuipunguza. Lakini tukumbuke kwamba ushujaa ni fungu moja tu la uungwana. Ujasiri wa saa moja ya mwisho hautujulishi jinsi mtu alivyotawala miaka 16 iliyotangulia, na sisi Watanzania tuna desturi ya kuwasamehe wakubwa wetu maisha mazima kwa sababu ya mazishi mazuri.

Upande wa wafanyabiashara alikuwapo Khamis bin Abdullah. Mirambo alipoikaribia Tabora mwaka 1871, Waarabu wengine walijifungia katika matembe yao. Yeye alitoka kupigana. Stanley, aliyekuwa Kwihara, jirani na hapo, anasimulia kwamba watumwa wenye silaha aliotoka nao walimkimbia, naye akauawa. Msimuliaji anataka tuwadharau waliokimbia. Mimi nauliza: mtumwa anadaiwa nini na bwana wake hata amfie? Heshima haiwezi kudaiwa kwa mtu ambaye umekwisha kumnyang’anya hiari. Khamis alikuwa jasiri, lakini msingi wa nyumba yake ulikuwa watu waliomilikiwa, na msingi huo ulimwangusha siku alipouhitaji.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, ana faida moja juu ya wote: alijiandikia habari zake mwenyewe, kwa Kiswahili. Alikuwa karibu sana na Tabora, kwa kuwa baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Aliwasaidia Livingstone, Cameron na Stanley, na katika mambo ya biashara alijulikana kwa kutimiza neno. Lakini katika kitabu chake anasimulia, bila aibu, jinsi alivyojipatia utawala wa Utetera kwa kujifanya mjukuu wa dada wa mtemi aliyetekwa zamani. Mzee yule alimpokea kama damu iliyorudi nyumbani, akamkabidhi nchi. Tippu Tip aliichukua pamoja na pembe zake za ndovu. Hiyo ndiyo amana iliyotolewa kwa machozi ya furaha, ikaliwa kwa kicheko.

Sasa nifike kwa wale ambao hakuna mwanafunzi aliyewataja.

Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliobaki walikuwa Waafrika takriban 60: wapagazi, askari, wake zao, na Halima mpishi. Miongoni mwao walikuwa Abdallah Susi wa Shupanga, pembezoni mwa mto Zambezi. James Chuma, Myao aliyeokolewa utotoni kutoka katika mlolongo wa watumwa mwaka 1861. Na Jacob Wainwright, mtumwa aliyeachwa huru na kusomeshwa Nasik, India. Kwa kipimo cha nasaba za pwani, hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuwa muungwana.

Bwana wao amekufa. Hakuna Mzungu, hakuna balozi, hakuna liwali. Bidhaa zimo mikononi mwao. Wangeweza kugawana nguo, shanga na bunduki, kila mtu akashika njia yake, wala pasingekuwa na mahakama ya kuwashtaki. Walichofanya ni kukaa shauri, kufungua masanduku mbele ya wote, na kumwagiza Wainwright aandike orodha ya kila kilichomo. Wakauzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga na kuubeba pamoja na karatasi zake. Walipofika Kwihara mwezi Oktoba, Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Februari 1874 waliukabidhi mzigo Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika Westminster Abbey. Katika mazishi hayo alikuwapo Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, na wengi wa wenzao walilipwa ujira wao pwani wakatawanyika.

Najua pingamizi. Mtasema: hii ni hadithi ya watumishi waaminifu, ambayo Waingereza waliipenda kwa sababu iliwapa Mwafrika wa kubeba na Mzungu wa kubebwa. Ni kweli waliitumia hivyo. Lakini tusikubali matumizi yao yatuibie tendo lenyewe. Mtumishi hutii amri; pale Chitambo hapakuwa na mtu wa kuamuru. Uamuzi ulikuwa wao, na pale Kwihara waliusimamia mbele ya ofisa wa Kiingereza aliyetaka kuubadili. Waliubeba mzigo wa mtu mwingine kana kwamba ni wao. Methali inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao waliuhisi uzito wake wote kwa miezi tisa.

Wala sitaki kuwafanya malaika. Huko Kasekera, mbele ya Kwihara, wenyeji walikataa maiti isipite. Wasafiri wakatengeneza mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba unakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa robota la nguo. Watu wa Kasekera walidanganywa katika ardhi yao, na haki yao ya kukataa haikuheshimiwa. Uongo huu haukumnufaisha aliyeusema kama ule wa Utetera, lakini ulikuwa uongo. Uungwana wa kweli una doa, nalo tulitaje.

Kwa nini haya yatushughulishe leo? Kwa sababu nasi tumerudi katika uungwana wa vazi. Tulikuwa tukiitana ndugu. Sasa kila mwenye kiti ni mheshimiwa, na heshima hiyo humfikia kabla hajafanya lo lote. Mwanachama wa TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana. Tangu mwaka 1995 tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Ni sheria njema, lakini fomu yake hujazwa faraghani, na mwananchi aliyeitoa amana hana njia rahisi ya kuiona. Orodha ya Wainwright iliandikwa mbele ya wapagazi wote. Watu ambao dunia haikuwahesabu kuwa waungwana walijua kwamba mali ya amana huhesabiwa hadharani, na huhesabiwa kabla ya safari kuanza.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Mirambo msome kwa siasa, Isike kwa ushujaa, Tippu Tip kwa Kiswahili chake. Ukitafuta heshima, mtafute mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, na katika mchanga wa Mgunda Mkali ungeweza kutupwa porini bila shahidi. Wapo waliotupa, na kwa ujira ule siwalaumu wote. Lakini wengi walifika Tura nao begani, wakautua ukiwa kamili, wakalala, na kesho yake wakauinua tena kuelekea Tabora. Majina yao hatunayo, na hakuna mtaa wa Dar es Salaam ulioitwa kwa jina la hata mmoja wao.